Mtetezi wa lugha mbili kwa wanaopigwa majumbani Dar es Salaam: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, zaidi upande wa Temeke na Mbagala. Nawasindikiza wanawake polisi, hospitali, ustawi wa jamii na mahakamani. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Nyumbani tulikua na Kisukuma, shuleni nikapata Kiingereza, na mjini mambo yote ni Kiswahili. Kila tunapopokea watu wapya wa kujitolea maswali huwa yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika na majibu yake.

Mtetezi wa lugha mbili anafanya nini hasa?

Anamsindikiza mtu aliyepigwa au kudhalilishwa ndani ya nyumba, awe amefanyiwa na mume, mwenzi, ndugu wa mume au mwenye nyumba anakofanya kazi. Anakwenda naye kila mahali atakapobisha hodi: dawati la polisi, chumba cha daktari, ofisi ya ustawi wa jamii, serikali ya mtaa, mahakama. Anamweleza kitakachofuata, anakumbuka tarehe, anatunza nakala za karatasi. Na kwa kuwa anajua lugha mbili, anahakikisha kwamba kilichosemwa kwa lugha moja ndicho kinachoandikwa kwa nyingine, bila kupungua wala kuongezeka.

Watu wanamchanganya na mkalimani. Mkalimani wa mahakama huapishwa na hatakiwi kuwa na upande. Mtetezi ana upande. Kesi ikifika mahakamani sitafsiri hata neno moja. Tunaomba mahakama ilete mkalimani, nami nakaa nyuma, mahali ambapo mama akigeuka ananiona. Ukifanya kazi zote mbili, wakili wa upande wa pili atauliza maneno haya ni ya shahidi au ni ya kwako, na atakuwa na haki ya kuuliza. Polisi na hospitali, ambako mara nyingi hakuna mkalimani, ndiko tunakotafsiri. Hapo namwambia afisa mapema: sasa hivi natafsiri, nikitaka kusema la kwangu nitakujulisha kwamba ni la kwangu.

Dar kila mtu anajua Kiswahili. Lugha ya pili ya nini?

Anajua cha kununulia nyanya. Cha kueleza alivyofanywa usiku wa manane ni kingine kabisa.

Niliwahi kukaa na binti wa kazi aliyeletwa mjini kutoka Simiyu. Alikuwa na miezi minne Dar, na Kiswahili chake kilimtosha kutumwa dukani. Mbele ya afisa aliitikia "ndiyo" kwa kila alichoulizwa. Ulipigwa? Ndiyo. Ulianguka mwenyewe? Ndiyo. Nilipomsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", alinitazama, akalia, kisha akaanza kusema, na habari iliyotoka haikuwa ile iliyokwisha kuandikwa nusu ukurasa. Wa namna yake wanashuka kila siku pale Mbezi kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli. Wengine kisheria bado ni watoto, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayewashikia simu na mshahara.

Halafu kuna wageni. Mwanamke aliyeolewa akatoka nje ya nchi akaja kuishi hapa anaweza kuwa na kibali kinachotegemea kazi ya mume, hana ndugu hata mmoja karibu, na anachojua ni Kiingereza tu. Kuna Wakongo na Warundi wanaojua Kifaransa na Kiswahili cha kwao, ambacho hakifanani na chetu kwa kila neno. Kuna viziwi. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, na mwanamke kiziwi anayepelekwa kituoni na mumewe, kisha huyohuyo mume akawa ndiye anayemtafsiria, hajapewa nafasi ya kusema chochote.

Kiingereza kinamfikia hata Mtanzania asiyekitumia. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na Mahakama za Mwanzo zimekitumia tangu zamani. Hata hivyo sheria nyingi zilizotungwa kabla ya hapo ziliandikwa kwa Kiingereza, na madaktari wengi huandika maelezo yao kwa Kiingereza. Mwanamke anashika karatasi inayoeleza mwili wake mwenyewe na hawezi kuisoma. Kumsomea karatasi hiyo polepole, mstari kwa mstari, ni sehemu kubwa ya kazi yetu.

Ni maneno gani yanayoharibu kesi?

Hili ningependa kila mtu alifikirie kabla ya kukanyaga kituoni.

Neno la kwanza ni *kukabwa*. Hapa mjini mtu akisema "nilikabwa", wengi wanaelewa kwamba aliporwa na vibaka kwa roba ya mbao. Mwanamke anapolisema kuhusu mumewe anamaanisha mikono shingoni. Kubanwa shingo ni miongoni mwa dalili kubwa kwamba maisha yake yako hatarini, na jeraha lake linaweza lisionekane kwa nje. Uvimbe wa ndani unaweza kuja baadaye. Ukisikia neno hilo, uliza. Alitumia mkono mmoja au miwili, kamba au kanga? Ulishindwa kupumua? Ulizimia? Mkojo ulikutoka? Sauti imekwaruza, unameza kwa shida? Majibu yote yaingie kwenye maelezo na yamfikie daktari, kwa sababu asipoambiwa hataangalia shingo.

Kuna maneno ya stara. Mama zetu hawasemi alinibaka. Wanasema "akatimiza haja zake", "akanilazimisha", "akanifanyia mambo yake". Karani mwenye haraka ataandika kwamba walifanya tendo la ndoa. Wewe usilipandishe neno lake juu likawa kosa la jinai ambalo hakulisema, wala usilifunike. Mwombe mama aeleze kilichotokea kwa hatua: ulimwambia nini, alijibu nini, nguo ilivuliwa na nani. Stara yake inabaki, na ukweli unaonekana. Vivyo hivyo kwa "alinionya", "alinitia adabu" na "alinigusa". Alikugusa kwa nini? Kibao, ngumi, teke, kichwa, mkanda, waya, mwiko? Wapi mwilini?

Mwili nao una tabu yake. *Mkono* wetu unaanzia begani mpaka kwenye kucha, na *mguu* unaanzia nyongani mpaka kwenye vidole. Kiingereza kinagawa. Daktari akiandika kiganja na maelezo ya polisi yakasema mkono, halafu mfasiri akauhamishia juu ya kiwiko, upande wa utetezi utasema kuna majeraha mawili tofauti na shahidi hajui anachosema. Mwambie aonyeshe kwa kidole, nawe utaje mahali penyewe.

Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika vitenzi. "Alikuja na mama yake akaanza kunipiga." Nani aliyepiga, mume au mkwe? Kwa Kiswahili sentensi inapita bila shida, lakini ukiipeleka kwenye Kiingereza lazima uchague, na ukichagua kwa kubahatisha umeshamshitaki mtu mwingine. Simama, uliza. Hata kama hakuna Kiingereza mahali pale, uliza.

Na saa. Mgeni anayejifunza Kiswahili husema "saa mbili usiku" akimaanisha ile tunayoiita saa nane usiku. Nimeona mama mmoja akiitwa mwongo kwa sababu hiyo: majirani walisema walisikia kelele saa nane, yeye maelezo yake yalisema saa mbili. Kila saa inayotajwa nairudia kwa alama nyingine. Watoto walikuwa wamelala? Adhana ya alfajiri ilikuwa bado? Taarifa ya habari ilikuwa imeisha?

Nitafsiri kwa "mimi" au kwa "anasema kwamba"?

Kwa "mimi". Akisema "alinivunja jino", sema "alinivunja jino". Ukianza "anasema eti", tayari umetia shaka.

Mtoto wake mkubwa anajua lugha zote mbili. Kwa nini asitafsiri?

Kwa sababu ni mtoto wake. Atalazimika kutamka kwa mdomo wake mambo ambayo baba yake alimfanyia mama yake, na mama kwa kumwonea huruma atayaficha yaliyo mazito. Shemeji, wifi na jirani nao wasitumike. Hata akiwa mtu mwema, kesho atakaa kwenye kikao cha ukoo. Kama hakuna mtu mwingine usiku ule na mama anavuja damu, tumia aliyepo kwa matibabu tu, na maelezo ya polisi yasubiri mtu mwingine.

Sheria inasemaje mume akimpiga mkewe?

Watu wengi, wakiwemo wenye elimu, wanaamini mume ana haki ya kumrudi mkewe. Hana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema licha ya mila yoyote, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kifungu hicho nimekikariri, na namtajia kila mama siku ya kwanza. Wengine huniomba nirudie. Wengine huuliza, tangu lini? Nikisema tangu 1971 wananyamaza, kwa sababu wengi wao walikuwa hawajazaliwa.

Hata hivyo nchi yetu haina sheria maalumu ya ukatili wa majumbani. Kwa hiyo kipigo kinashitakiwa kwa Kanuni ya Adhabu kama shambulio lingine lolote: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, au kudhuru vibaya, kutegemea jeraha. Ndiyo maana maneno ya daktari ni muhimu kiasi hiki. Kuna pengo moja nalisema wazi ili mtu asiahidiwe kisichokuwepo: sheria yetu haihesabu tendo la kulazimishwa na mume kuwa ubakaji, isipokuwa kama wametengana. Nadhani ni pengo la kuziba, na naumia kila ninapolieleza. Lakini kama katika kulazimishwa huko alipigwa, alibanwa au alijeruhiwa, hilo ni shambulio na linashitakiwa.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2005 utafiti wa nchi kadhaa, nasi tukiwemo. Kwa Dar es Salaam, asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi walisema mwenzi huyo amewahi kuwapiga au kuwafanyia ukatili wa kingono. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Ukipanda daladala ya Gongo la Mboto asubuhi, hesabu wanawake waliosimama karibu nawe.

Hawajafunga ndoa, waliishi tu pamoja. Bado ana haki?

Ndiyo. Kipigo ni kosa kwa yeyote, ndoa haihusiki. Na Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi na wakajulikana kwa watu kama mume na mke, inadhaniwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahari ambayo haikuisha kulipwa isimtishe.

Amepigwa usiku huu. Tuanzie wapi?

Kama anavuja damu, amezimia, ana mimba au amebanwa shingo, hospitali kwanza. PF3, yaani fomu ya polisi namba 3, inahitajika kwa ushahidi, lakini matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Fomu hiyo hailipiwi. Akitulia, mwende kituo cha polisi mkaulize Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati haya yalianza mwaka 2008 na sasa yako zaidi ya 400 nchini. Pale atasikilizwa kwenye chumba, si kaunta mbele ya waliokuja kudai simu zao. Mchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, na uiandike mahali ambapo mume hataiona.

Kama amelazimishwa kingono, saa 72 ndizo za kuangalia. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa za kuzuia mimba zinaweza kutolewa mpaka saa 120. Asioge, asifue zile nguo. Aziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha, si rambo, kwa sababu plastiki huzichachusha. Hospitali ya Amana, Ilala, ina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana pamoja, na mama hasimulii habari ileile mara nne. Kama aliyeumizwa ni mtoto, au watoto wako hatarini, piga 116, ni bure. Polisi wa dharura ni 112.

Kabla hajatia sahihi au dole gumba kwenye maelezo, yasomwe yote kwa sauti. Akiwa hajui Kiswahili vizuri, yatafsiriwe yote kurudi kwenye lugha yake, hata kama afisa amechoka na foleni ni ndefu. Mimi huomba kwa adabu: "Afande, naomba dakika kumi tu tumsomee." Sijawahi kujutia dakika hizo.

Afande akisema "mkayamalize nyumbani"?

Bado inatokea. Usigombane naye mbele ya mama. Mama akiona serikali nayo inagombana atakimbilia nyumbani. Muulize kwa utulivu jina la mkuu wa dawati na umwombe kumwona. Mkumbushe kwamba mlalamikaji yuko hapa, ana jeraha, na mnaomba RB na PF3. Ikishindikana, mwende kituo kikubwa cha wilaya, au muanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa awaandikie barua. Mashirika kama TAMWA (chama cha wanahabari wanawake), TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yamefanya kazi hii miaka mingi mjini hapa na yanajua mlango wa kugonga. Msaada wao wa kisheria kwa wasio na uwezo haulipiwi.

Lazima apite Baraza la Usuluhishi kabla ya talaka?

Kwa kawaida ndiyo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo mahakama ipokee maombi ya talaka. Mabaraza ya kata hufanya kazi hiyo, na BAKWATA na makanisa nayo yana yao.

Kifungu hichohicho kina mlango mwingine: mahakama ikiridhika kwamba mazingira si ya kawaida na baraza haliwezekani, inaweza kuendelea bila hati. Mwanamke ambaye mume amemtishia kumuua akimwona, asikubali kuketishwa naye benchi moja kwa sababu tu "ndio utaratibu". Amwambie wakili au mtoa msaada wa kisheria alieleze hilo mapema. Na akienda barazani, aende na mtu, aingie na kutoka kwa wakati tofauti na mume. Wazee wa baraza wengi wana nia njema, lakini wamezoea kutafuta mahali pa kukutana katikati, na mtu aliyevunjwa mbavu hana nusu ya kutoa.

Akiondoka atapoteza nyumba na watoto?

Hofu hii ndiyo inayowazuia wengi kuliko mapenzi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kulea na kutunza nyumba kunahesabika. Nyumba ya ndoa nayo, kwa kifungu cha 59, haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wakati ndoa ipo. Namshauri achukue nakala au picha ya hati, mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa, risiti za bati na saruji, chochote. Mama mmoja alishinda sehemu yake kwa daftari la kikoba lililoonyesha tarehe aliyochukua mkopo na siku tofali ziliposhushwa.

Watoto: sheria inadhani kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Matunzo anaweza kuyadai hata kabla ya talaka, kwa kupitia ustawi wa jamii au mahakama. Kwa mambo ya ndoa na mirathi, Dar ina Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kule Temeke, kilichoanza mwaka 2021, chenye ngazi kadhaa za mahakama ndani ya jengo moja. Kwa mama anayehesabu nauli, hilo si jambo dogo.

Amerudi kwa mumewe na hataki kuendelea na kesi. Nimeshindwa?

Hapana, na usimwambie kwamba amekuangusha. Anarudi kwa sababu kodi inaisha tarehe thelathini, mtoto ana mtihani, baba yake mzazi amekataa kumpokea mpaka mahari irudishwe, au kwa sababu anampenda. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, kwa hiyo kisheria si yake kuifuta, ingawa shahidi asipotokea mara nyingi inakufa. Mweleze hilo bila kumtisha. Kisha hakikisha anajua vitu vitatu: namba ya RB yake, mahali nakala zake zilipo, na kwamba akirudi kesho au baada ya miaka mitano hataulizwa kwa nini alirudi kule.

Nilimsindikiza dada mmoja mara nne. Ya nne alikuja na begi lililofungwa na watoto wawili, akasema, "Sasa twende." Maelezo ya mara tatu za kwanza yalikuwepo kwenye faili, na ndiyo yaliyoonyesha hakimu kwamba halikuwa jambo la siku moja.

Nimpigie simu baada ya siku ya kwanza?

Usipige kabla hamjakubaliana saa na namba. Tunakubaliana jina la kuhifadhi, mara nyingi "Fundi Cherehani" au "Mama Vikoba", na tunakubaliana neno la salamu likikosekana nikate simu. Usitume ujumbe unaotaja polisi. Ukimtumia nauli kwa simu, kumbuka ujumbe wa muamala unabaki na jina lako.

Na wanaume wanaopigwa?

Wapo, nao wana dawati na PF3 ileile. Kifungu cha 66 kinasema "mwenzi", hakikusema mke.

Nahitaji cheti? Nitalipwa?

Ukitaka kutambuliwa kama msaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka mafunzo yanayotambuliwa na usajili. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, na huduma yake kwa mama haina malipo. Ukimdai hata ya soda umekosa. Baadhi ya mashirika hulipa posho au mshahara mdogo. Wengi wetu tuna kazi nyingine pembeni. Kuhusu lugha, hakuna anayekupima isipokuwa wewe mwenyewe, kwa hiyo jipime kwa ukali. Chukua ukurasa wa ripoti ya daktari, ufasiri kwa Kiswahili kwa sauti, kisha mtu mwingine aurudishe kwenye Kiingereza bila kuona wa kwanza. Utaona ulipoteza nini njiani.

Nifanyeje nisiyabebe yote nyumbani?

Anayetafsiri kwa "mimi" anatamka kipigo kwa mdomo wake siku nzima, na mwili hausikii kwamba ni cha mtu mwingine. Mwaka wangu wa pili nilianza kuamka usiku kusikiliza mlango, na mimi sijawahi kupigwa na mtu. Sasa sipokei zaidi ya maelezo mawili mazito kwa siku, nina mwenzangu wa kazi ninayemweleza bila kutaja majina, na kutoka kituoni natembea kwa miguu vituo viwili kabla ya kupanda daladala. Kama wewe mwenyewe unapigwa kwako, njoo kwanza kama mtu wa kusindikizwa. Kazi itakungoja.

Nikigundua nimetafsiri vibaya na afisa ameshaandika?

Sema palepale, hata ukionekana mjinga. Mimi yalinipata. Binti alisema kwa Kisukuma jambo nililolifasiri kama alisukumwa, nikaendelea. Nikiwa ndani ya daladala kuelekea Mbagala ndipo nikasikia tena alivyolitamka, nikajua alisema alikanyagwa, tena tumboni. Nilishuka kituo kilichofuata, nikapanda ya kurudi. Afande alikuwa anafunga jalada. Nikamwambia, "Shikamoo tena afande, kosa ni langu." Alinitazama kwa muda, akafungua, akapiga mstari kwenye neno, tukamwita binti athibitishe, akaandika neno sahihi juu yake na sote watatu tukaweka alama pembeni. Asubuhi yake daktari alimpima tumbo.